Mchi wa Tatu

Mchi ulikuwa umelowa, na mambo yote yalianzia hapo.

Si mchi wa Yudesi, wala wa Lamunu. Hiyo miwili ilikuwa imelala juu ya kinu, mikavu, kama walivyoiacha jana yake. Uliolowa ni ule wa tatu, uliosimamishwa kwenye kona ya banda tangu mwaka ule wa ugonjwa, mwaka walipofunga mpaka wa Kongo pale Mpondwe na watu wakawa wanasalimiana kwa viwiko. Miaka mitano na zaidi hakuna mkono uliougusa. Buibui alikuwa amejenga pale, akazaa, akahama na watoto wake. Na asubuhi hiyo ya Jumatatu kichwa cha mchi kilikuwa cha kijani, na jani moja bichi la muhogo limenata kwa chini, linadondosha maji.

Yudesi aliliona. Akalibandua kwa kidole, akajifuta kwenye kitenge, akaendelea kufagia.

Punde Lamunu akaingia na fungu la majani kichwani, binti yake Pretty akimfuata. Naye aliuona ule mchi, maana macho yake yalisimama pale kidogo, kisha yakaondoka haraka, kama ya mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mkwe wake.

"Umeamka aje, Yudesi?"

"Salama. Mbona umechelewa? Afande alikuzuia kitandani?"

"Afande iko kwa gadi tangu jana. Kitanda ndiyo ilinizuia yenyewe."

Wakacheka. Habari ya mchi hawakuigusa. Na hapo utajua walikuwa marafiki wa namna gani: waliweza kuongea tangu asubuhi mpaka jua liingie upande wa Kongo, habari za mke wa mchungaji anayejipaka poda shingoni tu, habari za binti wa Thembo aliyerudishwa kwao na mume pamoja na godoro lake, na jioni wakaagana bila kuwa wamesema neno.

Zamani walikuwa watatu. Pale Bwera, mji wetu wa mpakani, tuliwaita mafiga. Yudesi ni Mkonzo wa hapa hapa, mjane, mama wa kijana mmoja anayesoma Kasese, na hakuna anayetwanga sombe ya majani ya muhogo ikalainika kama yake. Mama lishe wote wa sokoni wanachukua kwake. Watu wanamwita Mama Davis. Jina la Yudesi lilibaki kwa marafiki zake tu. Lamunu ni mtu wa Gulu, aliletwa na mumewe Olanya, mwanajeshi, wakapewa kile kibanda cha bati cha mviringo ambacho kambini wanakiita yuniporti, ambacho mchana kinaiva kama mkate na usiku kinaganda. Na wa tatu alikuwa Ninsiima, binti wa pekee wa mama mmoja wa Ibanda, kule njia ya kupanda mlimani. Mrefu, mwenye mwanya, na kicheko chake kilikuwa kinavuka mpaka bila kugongewa muhuri.

Walitwanga wote watatu kinu kimoja. Wewe usidhani ni jambo dogo. Wawili ni rahisi. Watatu lazima kila mmoja amsikilize mwenzake, ukichelewa kidogo unavunjwa vidole. Yudesi alishusha *tu*, Lamunu akashusha *ta*, Ninsiima akamalizia *tii*. Wake uliburuta, kwa sababu alikuwa wa shoto, mchi wake ukikwaruza ukingo wa kinu kabla haujatua. Mpita njia wa barabarani alijua kwa masikio tu kama Ninsiima yupo ama hayupo.

Halafu mwaka ule ule wa mpaka kufungwa, Ninsiima akawa hayupo. Wenzake wawili walisema amemfuata mwanamume wa mbao, amekwenda naye Butembo. Bwera nzima iliamini. Ninsiima na wanaume wenye malori, nani asingeamini? Hata mama yake kule Ibanda aliamini, akaanza kungoja. Kila Pasaka anaweka sahani moja ya zaidi.

Basi, Jumatatu hiyo Yudesi na Lamunu wakamimina majani kinuni, wakaanza. Tu, ta. Tu, ta. Pretty, mtoto wa miaka mitano, alikaa chini akichezea maganda ya maharagwe.

Tu, ta. Tu, ta.

Tu, ta, *tii*.

Michi yote miwili ikasimama hewani. Nje, mwendesha bodaboda alikuwa anagombana na kuku. Yudesi alitazama ndani ya kinu, Lamunu alitazama mikono yake mwenyewe.

"Mkono wangu imechoka," Lamunu akasema.

"Pumzika kidogo," Yudesi akajibu.

Ni Pretty aliyecheka. Alikuwa anaangalia kona, amekunja shingo kama mtu anayetazama mtu mrefu.

* * *

Siku ya pili Lamunu alimkuta mwanawe kitandani ana miguu imelowa.

Hakujikojolea. Ilikuwa miguu tu, nyayo mpaka kifundo, na katikati ya vidole kulikuwa na mchanga mwembamba mweusi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la juu, ambalo mtoto halifikii hata akipanda jeri la maji.

"Ulienda wapi?"

"Kwa maji. Anti alinipeleka."

"Anti nani?"

Pretty akaangalia mlango. "Alisema wewe unamjua. Alisema ulikuwa unamshika."

Lamunu akamwambia mumewe. Olanya alikuwa mtu wa sauti, hata siri zake zilisikika yuniporti ya tatu. "Jini gani, Mama Pretty? Hii ni kambi! Hapa hata mkubwa wa wilaya anasaini kwa geti. Jini bila kitambulisho itapita wapi?" Lakini usiku huo akaweka kiti mlangoni, akakaa na buti zake kando, macho wazi, na alfajiri akaamka kwa kuona baridi. Buti zote mbili zilikuwa zimejaa maji mpaka kwenye kamba. Ndani ya buti ya kushoto palikuwa na samaki mdogo, wa kama kidole, anazunguka.

Olanya hakusema tena habari ya kitambulisho. Aliyamwaga yale maji nyuma ya nyumba, akavaa buti mbichi, akaenda paredi.

Ijumaa ni siku ya soko la Mpondwe. Kabla jua halijatoka, barabara inajaa akina mama wenye mizigo ya ndizi, mafuta ya mawese, mikeka, bata wamefungwa miguu. Lamunu alitoka yuniporti kuchota maji ya chai, bomba liko hatua thelathini, na aliporudi kitanda cha mtoto kilikuwa tupu, na kutoka kitandani mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka getini, kulikuwa na nyayo ndogo za maji, na pembeni yake, kama mtu aliyemshika mtoto mkono, kulikuwa na mburuto mmoja mrefu wa majimaji usio na vidole wala kisigino. Akakimbia. Akakimbia bila viatu kati ya mizigo na bata na watu wanaouliza nini mama nini, akiziona zile nyayo pale kwenye vumbi kisha hazionekani kisha zipo tena, akashuka ile njia ya nyuma ya migomba ambayo miaka mitano hakukanyaga, njia aliyoapa kwamba hata akifa wasimpitishe hapo, harufu ya matope ya mto na mawese yaliyochacha ikimjia puani kabla hajauona mto wenyewe, na masikio yake yakisikia, chini ya kelele za maji, chini kabisa, kitu kinatwanga, *tii*, *tii*, *tii*, mpaka akatokea kwenye matete ya mto Lhubiriha, ule wa mpakani, na kumwona mwanawe amesimama ndani ya maji yaliyomfika magotini, anatabasamu, mkono mmoja umeinuliwa juu kama umeshikwa.

Alimnyakua. Mtoto alikuwa mzito kama gunia lililolowa. Na kiunoni mwa mtoto kulikuwa kumefungwa kitenge.

Kitenge cha manjano, chenye picha za taa za kandili. Kilikuwa kimeoza pembeni, kimeota ukungu wa kijani, na mwisho wake mmoja ulikuwa umekunjika-kunjika, kama nguo iliyokaa na fundo muda mrefu, kisha fundo likafunguliwa.

Lamunu alikijua kile kitenge. Aliziba mdomo kwa kiganja ili asipige kelele, akakifungua kiunoni mwa mtoto.

* * *

Alikimbilia kwa Yudesi, kitenge kikiwa chini ya blauzi yake, mtoto mgongoni. Wakafunga mlango wa banda mchana kweupe. Mama lishe wa nje wakapiga hodi wakitaka sombe, wakanyamaziwa, wakaondoka wakitukana taratibu.

"Unakijua?" Lamunu akanong'ona.

Yudesi akaangalia zile taa za kandili. "Kinafanana na kile."

"Haifanani. Ndiyo yenyewe."

"Lamunu..."

"Mtoto wangu anaenda, Yudesi. Ijumaa ijayo nitapata nguo tu."

Pretty, mgongoni mwa mama yake, akasema kwa sauti ya usingizi, sauti nene kidogo kuliko yake: "Ijumaa."

Hapo waliogopa mpaka wakaenda kwa Marie-Louise. Walikuwa Wakristo wote wawili, Yudesi alikuwa hata mwimbaji wa kwaya, lakini mchungaji alikwisha kuja Jumatano akaomba mpaka koti likalowa, na alipoondoka Biblia yake ilikutwa kurasa zimegandamana kwa maji.

Marie-Louise alivuka kutoka Kongo miaka mingi iliyopita, mama mfupi mnene mwenye meno ya mbele ya dhahabu, anauza dawa za mizizi karibu na soko. Ukimtazama ungedhani ni muuza dagaa. Hakuwa na pembe, hakuwa na shanga. Alikuwa na simu mbili na kikohozi. Alikuja mwenyewe bandani, Jumamosi saa sita mchana, akamweka Pretty kwenye mkeka, akamnusa utosini kama yanavyonuswa maziwa.

"Mulikuwa bangapi kwa mayi?" akauliza, bila salamu.

"Wawili," Lamunu akasema.

"Mutoto anasema tatu."

Marie-Louise akaenda kwenye kona, akaushika mchi wa tatu, akaurudisha ukutani, akajifuta mkono kwenye sketi. "Musikilize, bamama. Ile mufu yenu iko mbali, iko na usingizi yake. Hii si yeye. Hii ni jini ya mayi. Iliona kiti ya mutu haina mutu, hakuna mwenye alilia, hakuna mwenye alizika. Ikasema, aa, pa bure. Ikaikala."

"Inataka nini kwa mtoto?" Lamunu akauliza.

"Weye ndiye unajua. Mutoto alikuwa wapi siku ile?"

Lamunu akaweka mkono tumboni. Hakujua kama amefanya hivyo.

Marie-Louise akakohoa, akakiinamisha kinu kikalala ubavu, mdomo ukiwaelekea. "Hii jini inaishi ndani ya neno yenye haikusemwa. Kila moja atatia kichwa humu ndani, atasema ile alificha. Yote. Mukisema yote, inakosa kwa kukaa, inarudia mayi yake. Mukiacha moja, hata kadogo namna hii," akaonyesha ncha ya kucha, "itaikala ndani ya ile kamoja. Na soko ya vendredi, Ijumaa, ikifika itabeba mutoto, na mimi musiniite tena, nitakuwa nimefunga simu."

Lamunu alianza. Alipiga magoti, akaingiza uso kinuni, na sauti yake ikatoka imezungukwa na mti, kama ya mtu aliye kisimani. Alisema yote. Kwamba mpaka ulikuwa umefungwa, wakavuka kwa njia ya panya alfajiri, kurudi na mawese. Kwamba walikata kitenge kimoja vipande viwili, kama akina mama wote wanavyofanya wakivuka mto umejaa, wakajifunga viunoni: Yudesi mbele, yeye katikati, Ninsiima nyuma. Kwamba alikuwa na mimba ya miezi miwili, baada ya kupoteza nyingine mbili, na hakumwambia mtu. Kwamba katikati ya mto Ninsiima aliteleza, na uzito wake ukawa unamvuta, unamkata tumbo, unamkata kabisa.

"Nikafungua," Lamunu alisema ndani ya kinu. "Vidole vilikataa, nikatumia meno. Aliniona. Alikuwa ananiangalia nikiuma fundo. Hakusema kitu, alishangaa tu. Nilimpa Ninsiima, nikabaki na Pretty."

Kinuni kukasikika maji. Kidogo, kama chungu kinachopata joto. Pretty akageuka kwenye mkeka na kutapika maji meusi yenye mchanga.

"Weye," Marie-Louise akamwambia Yudesi.

Yudesi akapiga magoti. Kinu kilinuka matope na pumzi ya mwenzake.

"Nilimwona," akasema. "Niligeuka nikamwona Lamunu anafungua. Nimejua siku zote. Ile habari ya mwanamume wa mbao ni mimi niliitunga. Sikumwambia Lamunu kwamba nilimwona, kwa sababu... kwa sababu ni rafiki yangu."

Nyuma yake Lamunu alitoa mlio mdogo, kama wa mtu aliyechomwa na kupozwa kwa wakati mmoja.

"Imeisha?" Marie-Louise akauliza.

Yudesi alikuwa bado ndani ya kinu. Mle ndani kulikuwa giza, na ndani ya giza alikuwa anaona matete.

Maana kulikuwa na jingine. Walipofika ng'ambo Lamunu alianguka kifudifudi akitapika, hakuona wala kusikia. Lakini Yudesi alisikia. Hatua nne kutoka ukingoni, Ninsiima alikuwa ameshika mzizi. Alikuwa hai. Aliita, "Yudesi! Nirushie kitenge!" na kile kipande kingine cha kitenge kilikuwa mkononi mwa Yudesi, kirefu, kinatosha. Na juu ya kilima doria ilikuwa inapita, tochi zao zinapekua majani, na aliyekamatwa anavuka mwaka ule alikuwa anapelekwa mbali siku nyingi, na Davis alikuwa peke yake nyumbani. Yudesi akalala chini na kupandisha majani juu yake. Alijiambia, wapite tu, wakipita nitamrushia. Aliitwa mara ya pili. Aliitwa mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayeita akijua kwamba anasikika. Tochi zikapita. Yudesi akainuka na kitenge mkononi, na mzizi ulikuwa peke yake, unachezacheza.

"Imeisha?" Marie-Louise akarudia.

"Imeisha."

"Mama, mara ya tatu ninauliza. Imeisha yote?"

Yudesi akatoa kichwa. Uso wake ulikuwa umelowa, na wote wakadhani ni machozi. "Imeisha yote."

Marie-Louise alimtazama muda, akizungusha ulimi kwenye yale meno ya dhahabu. Kisha akauvunja mchi wa tatu kwa shoka na kuuchoma pale uani. Ulitoa moshi mweupe na mlio, kama kuni mbichi, ingawa ulikuwa mti wa miaka kumi. Pretty akaamka, akaomba chai na chapati. Akala mbili.

* * *

Kwetu, mtu asiyepatikana mwili huzikwa kwa mgomba. Unakatwa mgomba urefu wa mtu, unaoshwa, unavishwa nguo ya marehemu, unaliliwa. Lakini kwanza lazima mtu wa mwisho kumwona asimame mbele ya wazazi aseme alimwonaje. Bila hayo unazika ndizi tu.

Jumatano wakaenda Ibanda. Walipita Kasese, wakapanda bonde la Mubuku, na mlima ulikuwa umejifunika uso. Mama yake Ninsiima alikuwa mdogo kuliko walivyomkumbuka. Aliwakaribisha kwa bundu moto, ule ugali wa muhogo, na sombe, akauliza kama wameleta barua kutoka Butembo.

Lamunu alilala kifudifudi miguuni pake, akasema. Alisema tena yote, fundo, meno, mimba. Wanaume wa nyumba wakainuka, mmoja akatafuta panga. Yule mama akanyoosha kiganja, wakakaa. Akamwita Pretty, akamgusa masikio, pua, akamhesabu vidole. Ilichukua muda mrefu sana.

"Huyu ndiye?" akauliza.

"Ndiye, mama."

"Basi ale ashibe."

Kisha akamgeukia Yudesi. Akamshika uso kwa mikono yote miwili, mikono iliyonuka moshi. "Na wewe binti yangu. Ninsiima alikuwa anakutaja kila akija hapa. Yudesi hivi, Yudesi vile. Usiku nafsi yangu inapona kwa kitu kimoja: najua kama angeita, wewe ungeitika. Basi hakupata nafasi ya kuita. Mto ulimchukua upesi. Si ndiyo?"

Nyumba nzima ilikuwa inamtazama. Lamunu pia, chini, macho yamevimba, macho ya mtu anayemtazama mtakatifu ukutani.

"Ndiyo, mama," Yudesi alisema. "Upesi."

Wakauzika mgomba jioni ile, umefungwa kitenge cha taa za kandili. Yudesi aliongoza nyimbo. Wote walisema ana sauti nzuri.

* * *

Alhamisi alasiri walikuwa bandani tena, Bwera, wawili. Walikuwa na majani ya soko la kesho. Pretty alilala kwenye mkeka baada ya kula. Lamunu alikuwa mwepesi, anaongea mno, kama mtu aliyetoka homani.

"Olanya aliuliza kama jini italipa buti yake namba tisa yenye iliharibu."

"Mwambie imekwenda likizo."

"Yudesi." Lamunu akasimamisha mchi. "Miaka yote hiyo ulijua mimi nilifanya, na ukatwanga na mimi. Ukanyoa mtoto wangu nywele ya kwanza. Mimi sina dada. Wewe ni zaidi."

"Twanga, majani yanakauka."

Tu, ta. Tu, ta. Jua lilikuwa limeingia bandani mpaka kwenye kona, na kona ilikuwa tupu, imefagiwa, ina alama ya duara tu pale mchi uliposimama.

Tu, ta. Tu, ta.

Tu, ta, *tii*.

Lamunu hakusikia. Aliendelea, anaimba chini chini kwa lugha ya kwao, mchi wake unashuka na kupanda. Tu, ta, *tii*. Yudesi alishusha wake kwa nguvu zaidi ili kuufunika ule mlio, na ule mlio ukawa unangoja zamu yake, haukosei, unakwaruza ukingo kisha unatua, na kutoka kwenye majani, kwenye povu la kijani lililoanza kupanda, harufu ya matope na mawese yaliyochacha ikamjaa mdomoni, na sauti, taratibu, kama ya mtu anayeita akijua kwamba anasikika, ikasema: Yudesi.

Mchi wake ukasimama.

"Nini?" Lamunu akauliza. "Umesikia kitu?"

Palikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa nafasi nzima, pana, ya neno moja. Lamunu alikuwa anamtazama, jasho kwenye mdomo wa juu, anatabasamu.

"Sijasikia kitu," Yudesi akasema. "Tuongezee maji."

Lamunu akachukua jeri, akatoka kwenda bombani, bado anaimba.

Ndipo Yudesi alipogeuka. Kutoka kwenye ile alama ya duara mpaka kwenye mkeka, na kutoka kwenye mkeka mpaka mlangoni, zilikuwepo nyayo ndogo za maji, zinang'aa juani. Za kwenda, na za kurudi. Na Pretty alikuwa amelala pale, mdomo wazi, nyayo zake nyeusi kwa mchanga.

Nje, bomba likafungwa. Wimbo ukaanza kurudi.

Yudesi akapiga magoti. Akazifuta zile nyayo za sakafuni kwa pindo la kitenge chake, moja moja, bila kuruka hata moja, mpaka mlangoni. Akamshika mtoto miguu, akamfuta nyayo, akamtoa mchanga katikati ya vidole kwa uangalifu, kama anavyofanya mama. Kisha akakunja lile pindo ndani ili ubichi usionekane.

Lamunu akaingia na jeri begani.

"Amelala vizuri?"

"Amelala," Yudesi akasema. "Mwache alale. Kesho ni Ijumaa."